Kokwa ya Ambilikile

Siku ile nilikuwa nikifundisha maana ya mapigo ya laini, na sitaki kudanganya, nilikuwa najivuna kidogo. Darasa langu lilikuwa ghala la chai pale Isumba. Wanafunzi wangu walikuwa wazee waliopandikizwa kokwa za mawasiliano mwaka uliopita, na bado walikuwa wakizipapasa kila mara chini ya mtulinga, kama mtu anayehakikisha ufunguo wa nyumba upo mfukoni. Shirika la Sauti liliniajiri nizunguke vijijini kuwaeleza watu maneno yake, maana wahandisi wake walikuwa na kipaji cha kueleza jambo jepesi hadi likawa gumu.

"Tuanze na hodi," niliwaambia. "Kokwa yako inabisha hodi hewani muda wote. Kokwa ya jirani ikisikia, inajibu ‘karibu’. Hapo zimeshajuana, na sauti inapita kutoka kwako kwenda kwake, kutoka kwake kwenda kwa mwingine. Minara haipo tena vijijini. Minara ni nyie."

"Mimi mnara," alisema Bibi Tupokigwe. "Na goti langu hili?"

Watu wakaangua kicheko. Niliwaacha wacheke, kwa sababu mtu aliyecheka husikiliza vizuri zaidi.

"Goti halihusiki, bibi. Kinachohusika ni damu. Kokwa inakula joto lako na mapigo ya moyo wako. Damu ikitembea, inafanya kazi. Damu ikisimama, inazima. Ndiyo maana wezi wameziacha. Ukiitoa mwilini ni kokoto tu."

Nje ya dirisha, kwenye benchi, alikaa baba mkwe wangu, Mzee Mwaisumo. Alikuwa mwanafunzi wangu bora, na sikuwahi kumwona uso. Kwetu Unyakyusani mkamwana haonani na baba wa mumewe. Akitokea njiani unajitosa migombani, akisema neno unamjibu kupitia mtu. Vijana wengi wa siku hizi wameiacha desturi hiyo, tena wanaicheka. Mzee hakuiacha, nami nilimheshimu, kwa hiyo maswali yake yaliingia darasani kupitia kwa wifi yangu Subilaga, aliyesimama dirishani na kuyatamka kwa sauti ya karani wa mahakama.

"Baba anauliza," alisema Subilaga. "Mtu aliye peke yake juu ya mlima, anabisha hodi kwa nani?"

Hakuna aliyehitaji kuambiwa anamuulizia nani. Ambilikile, mume wangu, alikuwa fundi wa Shirika. Mwanzoni mwa masika aliteleza kwenye ukingo wa mlima Lupoto, akapoteza fahamu, wakamlaza katika zahanati ndogo ya Shirika iliyo kule kule juu. Daktari alisema asisogezwe na asitembelewe, apate utulivu, anaendelea vizuri. Kila asubuhi kokwa yake ilinitumia neno moja, "Nipo." Nilijua kwamba ujumbe ule hutumwa na kokwa yenyewe bila mtu kufikiri wala kutamka. Nimewafundisha hivyo watu wengi kabisa. Hata hivyo niliuamkia kila siku, na usipofika mapema nilishindwa kunywa chai.

"Mwambie baba kwamba Lupoto iko katikati," nilijibu. "Upande huu tupo sisi, upande wa pili kuna bonde la Lwangulu. Mtu aliye pale juu anatusikia sisi na anawasikia wao. Anatuunganisha."

Nikatundika shuka jeupe ukutani, nikalimulika, nikawaonyesha mapigo ya Bibi Tupokigwe. Mstari ulipanda na kushuka. Mtu alipomtania kuhusu goti akacheka, na mstari ukarukaruka. Darasa lilifurahi sana. Bibi alisema haikuwa adabu kumwanika hivyo mbele za watu, kisha akaomba aonyeshwe tena.

Ndipo nikapata wazo ambalo niliona ni zuri. Nikaita laini ya Ambilikile, ili baba yake asikie kutoka kwa binti yake kwamba moyo wa mwanawe unadunda.

Mstari ukatokea shukani. Vilele vyake vilikuwa sawasawa, kimoja baada ya kingine, kama meno ya chanuo jipya.

"Huyu kapumzika kweli," mtu mmoja alisema nyuma.

Mimi nilikuwa nimesimama na fimbo yangu ya kuonyeshea. Moyo wa mtu aliye hai haupigi hivyo. Ukivuta pumzi unaharakisha, ukitoa pumzi unapoa, hata uwe usingizini, hata uwe na homa. Nikarudisha mstari hadi jana yake. Meno yaleyale. Nikaurudisha wiki nzima, na joto nalo halikupanda wala kushuka. Nikaenda hadi siku ile aliyoanguka, na pale nikaona mstari wa mtu, wenye vurugu na hofu, halafu pengo tupu, halafu chanuo likaanza.

"Baba anauliza, anaendeleaje?" alisema Subilaga.

"Mwambie anaendelea," nikasema.

Sijui neno lile lilitoka wapi. Nikazima taa, nikawaambia darasa limekwisha, nikachukua koti la mvua la mtu ambaye hata sikumjua na kushika njia ya Lupoto.

*

Njia hupita kwenye migomba, halafu kwenye mianzi, halafu unabaki na majani mafupi na ukungu. Nilipanda nikijitetea moyoni. Huenda kipimo kimeharibika. Huenda wamempa dawa ya kutuliza moyo. Nilijua hakuna dawa ya namna hiyo, lakini miguu ilihitaji kitu cha kuisukuma.

Daktari Mdendemi alikuwa ameketi barazani, akikausha soksi juu ya jiko la mkaa. Alikuwa mtu mrefu mwenye macho ya uchovu. Aliponiona alisimama, soksi moja mkononi.

"Mama, ulipaswa kuomba kibali."

"Niombe kibali cha kumwona mume wangu?"

Hakunizuia. Kitambulisho changu cha Shirika kilifungua mlango.

Ambilikile alikuwa amelala chali, shuka limemfika kifuani. Ndevu zake zote zilikuwa zimenyolewa, naye hakuwahi kunyoa zote. Aliacha kishungi kidogo kidevuni, na mimi nilikuwa nikimwita beberu. Kucha zake zilikuwa zimekatwa vizuri. Mrija uliingia kooni, mwingine ubavuni, na kando ya kitanda mashine ilikuwa ikisukuma na kuvuta, ikisukuma na kuvuta. Nilimshika mkono. Ulikuwa na joto.

Joto lile ndilo lililonimaliza. Kama ungekuwa wa baridi ningelia papo hapo. Nilishtuka hadi nikacheka, kicheko kibaya ambacho sikukitambua kuwa changu, na daktari akainamisha kichwa.

"Amekufa lini?" nikamuuliza.

"Siku ileile. Nilipomfikia ubongo ulikuwa umeshakufa. Moyo nao ukasimama, nikaurudisha kwa mashine. Nilifikiri ni kwa siku chache tu."

"Na sisi mkatuambia anaendelea vizuri."

"Makao makuu ndio waliosema hivyo. Mimi nilirudia."

Nilimtazama mtu huyu aliyekuwa akimnyoa mume wangu, na nikatamani kumpiga na kitu. Hapakuwa na kitu karibu ila jagi la maji. Nikamwambia aniambie yote, tena kwa maneno ya kawaida, maana maneno ya Shirika nayajua.

Akaniambia. Juu ya Lwangulu kuna mteremko uliojaa maji, na Shirika limechimbia humo vipimo vinavyosikia udongo ukianza kusogea. Vipimo hivyo hutuma taarifa Isumba, kwenye mtambo unaokokotoa, na mtambo hurudisha onyo Lwangulu, kwa kila kokwa ya kila mtu. Kwenda na kurudi, hakuna njia nyingine ila ukingo huu. Mnara wa pekee uliobaki, uliokuwa hapa juu, ulisombwa na maporomoko, barabara ikaenda nao, na mnara mpya hauwezi kupandishwa kabla ya kiangazi.

"Wekeni mtu hai," nikasema.

"Tuliweka, kabla ya mumeo. Mtu mzuri tu. Akashuka kumbatizisha mtoto wake, na akiwa kanisani udongo ukasogea. Taarifa ilifika mpaka upande wa pili wa mlima ikakosa mtu wa kuivusha." Akanigeukia. "Unaikumbuka Kilambwe."

Kilambwe kilikuwa kijiji. Siku hizi watu wanaotoka huko hutaja tu ukoo, hawataji kijiji.

"Aliye hai huondoka, mama," alisema daktari. "Ana harusi, ana njaa, ana mzazi mgonjwa. Huyu haondoki."

Alisema hivyo bila ukatili wowote, kama mtu anayesoma kipimo cha mvua.

"Wewe unaishi hapa," nikamwambia. "Kwa nini kokwa yako haifanyi kazi hiyo?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu ya zamani, ile ya kioo, imepasuka pembeni.

"Sina kokwa. Wengi wetu wa makao makuu hatuna."

Nilikaa kwenye stuli. Nimezunguka vijiji vyote vya wilaya hii nikiwashawishi mabibi wakubali kupasuliwa ngozi, na walioniagiza walikuwa na simu mifukoni. Nilikasirika. Ila hasira ile nilijua itasubiri, kwa sababu mbele yangu palikuwa na jambo lisilosubiri, na jambo hilo lilikuwa na joto na lilikuwa limenishika mkono, au mimi ndiye niliyelishika.

Ningeweza kumwacha. Ningeshuka, ningesema anaendelea, Lwangulu ingelala salama, na kila asubuhi ningepata "Nipo" yangu. Nakiri kwamba niliifikiria njia hiyo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, kwa sababu ya ule mkono. Au ningezima mashine na kumpeleka nyumbani, azikwe uani kwao miongoni mwa migomba ya babu zake, mimi mkewe nikae kando ya kaburi kama inavyotakiwa, na watu wa Lwangulu wabaki na mvua yao bila mtu wa kuwaambia kimbieni. Wana watoto kule. Wana shule pembeni kabisa mwa mto.

Na Ambilikile je? Nilijaribu kumuuliza moyoni. Alikuwa mtu wa kupenda kusaidia, angeweza kusema niacheni hapa. Lakini alikuwa pia mtu wa kukasirika akidanganywa, na hakuna aliyemuuliza alipokuwa anaweza kujibu. Sikupata jibu, na nisingependa mtu anitungie.

"Mimi nina kokwa," nikasema.

Daktari aliniangalia.

"Nitakaa mimi. Yeye aende nyumbani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mlete mnara."

"Nimekuambia, ni kiangazi. Na mama, hutaweza kushuka hata kwenda kuzika. Ukivuka mianzi tu, ukingo uko mtupu."

"Nimekusikia," nikamwambia. "Kanikaushie na mimi soksi."

Jioni hiyo niliita laini ya Subilaga. Sauti yake ilinijaa sikioni, na nyuma yake nilisikia kuku wakiingizwa bandani.

"Wifi, umepotelea wapi? Baba anauliza tangu mchana."

"Niunganishe na baba."

"Niambie mimi, nitamwambia."

"Hili huwezi kulibeba, wifi yangu. Niunganishe."

Sikuwahi kumtumia baba mkwe sauti yangu moja kwa moja tangu niolewe. Watu kwetu walishabishana sana kama laini ni sawa na uso, na Mzee alikuwa amekata shauri kwamba ni sawa. Nikasikia mlio mdogo wa laini mbili zikikutana, halafu pumzi ya mtu mzima.

"Shikamoo baba. Ni Tusekile."

Pumzi iliendelea.

"Baba, Ambilikile amefariki. Amefariki tangu siku aliyoanguka. Wamemweka hapa ili mwili wake uvushe sauti za watu. Nimemwona kwa macho yangu. Nataka mje mumchukue. Mimi nitabaki mahali pake, kwa sababu ya watu wa bondeni."

Nilingoja. Pumzi ilikatika, na laini nayo ikakatika. Nikabaki nikiutazama ukuta, nikijua nimemvunjia heshima mzee katika saa mbaya kuliko zote za maisha yake.

*

Walifika asubuhi mvua ikiwa imeshika, wanaume wanne na machela, Subilaga nyuma yao, na kikohozi ambacho nilikijua vizuri kuliko nyuso nyingi. Nikajifunika khanga kichwani, nikageukia ukutani. Nilisikia miguu mizito ikienda kitandani, ikasimama. Mashine iliendelea kusukuma na kuvuta.

"Ana joto," alisema baba mkwe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa kichwani.

"Ni mashine, mzee," alisema daktari.

"Sikukuuliza wewe."

Kisha nikasikia stuli ikiburutwa karibu na mgongo wangu.

"Mkamwana. Geuka."

Sikuweza. Shingo yenyewe ilikataa.

"Geuka, mwanangu. Heshima ile tuliiweka kwa ajili ya nyumba yake. Nyumba yenyewe ndiyo hii imelala hapa."

Nikageuka. Nilikuwa nimemfikiria kuwa mkubwa na mkali. Alikuwa mzee mdogo, amelowa, na masikio yake yalikuwa yamesimama mbali na kichwa vilevile kama ya Ambilikile. Sikulijua hilo. Miaka yote nilikuwa nikiyataka masikio yale yawe ya mume wangu peke yake, kumbe yalikuwa yakikaa nje ya dirisha langu.

"Anayezima ni nani?" akauliza.

"Ni mke," alisema daktari.

Mzee akaweka kiganja chake kifuani mwa mwanawe, akaniitikia kwa kichwa. Nikazima. Mashine ikavuta mara moja, haikusukuma tena. Nilidhani kutakuwa na kitu cha kuona, lakini hakukuwa na kitu, ila joto ambalo lilichukua muda mrefu sana kuondoka vidoleni. Kwenye kioo cha kipimo ukutani chanuo lililala likawa mstari. Laini yangu ikabisha hodi pande zote mbili, ikakaribishwa, na huko Lwangulu hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimebadilika.

Wakamfunga shuka, wakamweka kwenye machela. Subilaga alinikumbatia, akalia begani kwangu kwa niaba yetu sote, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, twende. Njia inaharibika."

"Tangulieni."

"Baba?"

"Nimesema tangulieni. Kaka zangu wapo, watamlaza."

Mmoja wa wabebaji, mtu wa makamo, aliweka mpini chini. "Mzee, samahani. Baba hawezi kukosa kaburi la mwanawe. Watu watasema nini?"

"Kule mko wengi," alisema Mzee Mwaisumo. "Huyu yuko peke yake."

Akavua koti lake, akalitundika juu ya mashine iliyozimwa, akakaa. Tuliwatazama wakizama kwenye ukungu, machela katikati yao, na mimi nikalia basi, kwa sauti, na yeye hakuniambia ninyamaze.

Mchana Subilaga aliunganisha laini yake nasi sote wawili ili tuwe kaburini. Tulisikia kila kitu. Tulisikia matope chini ya miguu ya watu, mchungaji akisafisha koo, mtoto akinyamazishwa. Mzee alifumba macho. Wakaanza kuimba wimbo wa kushusha jeneza, na nikamwona akiimba nao midomo tu, bila sauti.

Mara mtulinga ukaniwaka moto, na wimbo ukakatika.

Mzee alijishika bega. "Nini hii?"

"Ni onyo, baba. Udongo umesogea juu ya Lwangulu. Onyo likipita, sauti nyingine zote zinasimamishwa zilipishe njia."

"Linapita hapa? Kwetu?"

"Kwetu."

"Na wimbo?"

"Wimbo haupiti, baba. Mpaka watu wote wa bondeni wafikiwe."

Nje mvua ilikuwa ikipiga bati. Daktari Mdendemi alikuja akasimama mlangoni na simu yake mkononi. Mzee alijiweka sawa kwenye stuli, taratibu, kama mtu aliyewekewa chungu kilichojaa kichwani.

"Sasa hivi wanakimbia?"

"Wanakimbia, baba."

"Na watoto?"

"Na watoto. Shule ndiyo inayofikiwa kwanza."

"Basi waache wakimbie."

Hatukusogea. Mguu wangu ulikufa ganzi na sikuugusa, ingawa nilijua fika kwamba mguu hauna uhusiano wowote na laini. Moto wa mtulinga uliendelea, ukaendelea, huku pale nyumbani watu wakifanya yale ambayo baba na mke walipaswa kuyaona. Kila moto ulipolegea nilisikiliza kwa nguvu, na kila mara ulirudi.

Laini ilipofunguka tena, hapakuwa na wimbo. Tulisikia majembe yakikwanguliwa udongo, na mtu akiomba maji ya kunawa.

"Baba," ilikuja sauti ya Subilaga, imepasuka kwa kulia. "Tumemaliza. Tumemlaza vizuri. Wifi, mmesikia?"

Baba mkwe akanitazama machoni, akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Tumesikia," akasema. "Tumesikia yote."